Mwaka Nekesa Alipoachishwa Ziwa

Kwenye mazishi ya Tata Manjeri walikosa mahali pa kuniweka. Kulikuwa na hema la wakwe, hema la wake wa wana, hema la kanisa, na viti vilivyovalishwa kitambaa cheupe kwa ajili ya wageni waliotoka Nairobi. Kijana mmoja wa kupanga watu, mwenye beji ya karatasi kifuani, alinitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Mama, wewe ni upande gani?" Nikamwambia mimi sina upande. Akadhani bibi kizee anamtania, akacheka, akanipeleka kwa majirani. Huko nilikaa nikila vumbi na kuwasikiliza wanawake wawili waliokuwa nyuma yangu. Mmoja alisema, "Huyo ndiye mama ya Nekesa, yule wa Malaba." Mwenzake akauliza, "Kwani aliolewa hapa?" Wa kwanza akasema, "Wapi. Hata kuku ya mahari haikutoka." Sikugeuka, kwa sababu ni kweli. Nakaribia miaka sabini na sioni haya kwa jambo ambalo Kocholia nzima inalijua. Baadaye kidogo Nekesa, binti yangu, ambaye naye siku hizi ana wajukuu, alitoka kule mbele akapita katikati ya mahema yote, akanishika mkono, akaniketisha kando ya jeneza walipokaa mabinti wa marehemu. Kijana wa beji akajifanya anahesabu viti.

Tata ni nyanya kwa Wateso. Hakuwa nyanya yangu mimi, wala hakuwa mama mkwe wangu, maana sikuolewa kwake. Alikuwa mama ya Barnaba, na Barnaba ndiye baba ya Nekesa, na hayo mengine yote yalitokea mwaka wa sabini na tano. Nikiwa pale kando ya jeneza, nikitazama ule uso mdogo kwenye kioo, mchungaji alihubiri nami sikusikia neno. Nilikuwa nawaza juu ya maziwa. Mtu akiniuliza leo nilijifunza lini kwamba naweza kusimama peke yangu mbele ya watu na nisianguke, sitamtajia shule wala kanisa. Nitamtajia mwaka ule, na maziwa.

Tulikuwa tunakaa Malaba, mimi na Barnaba, chumba kimoja katika ploti ya mabati nyuma ya reli. Yeye alikuwa karani wa wakala wa kupitisha mizigo pale boda, shati jeupe, kalamu mfukoni. Mimi nilikuwa mpishi kwenye hoteli ya madereva. Chumba chetu kilikuwa na kitanda, meza ya sanduku, jiko la makaa lililokaa mlangoni, na pazia la maua lililogawanya kulala na kupika. Malori yakipanga foleni, na yalipanga kila siku, moshi wake uliingia mpaka kwenye unga. Madereva walitoka Mombasa, walitoka Nakuru, na matanboi, yaani utingo wao, walilala chini ya magari wakiamka na njaa ya siku mbili. Niliwapikia ugali, maharagwe, matumbo, chai ya maziwa. Nilimbeba Nekesa mgongoni nikipika, na wao walimjua kwa jina. Hatukuwa tumeoana. Barnaba aliniambia "njoo tukae", nikaenda tukakaa, ndivyo mambo yalivyokuwa kwa wengi pale mpakani. Mama yangu kule Bukhayo alikuwa ameshatoa msimamo wake: mtoto wa mtu ambaye hajaonekana nyumbani kwake hataingia nyumbani kwake.

Sasa, mtoto akianza kutembea vizuri na kula kila kitu, lazima aachishwe ziwa. Kwetu na kwa Wateso jambo hili ni moja. Mtoto anapelekwa kwa nyanya yake akae huko wiki mbili tatu, anywe uji wa wimbi, alie, anyamaze, asahau. Na mama asionekane kabisa. Asisikike hata sauti. Leso yake isiachwe huko, kwa sababu mtoto akiinusa tu kazi yote imeharibika, atarudia ziwa na tumbo litamwendesha. Nyanya akiona ameacha, anatuma neno, mama anakwenda kumchukua. Kwa kuwa mlango wa mama yangu ulifungwa, Barnaba akasema, "Mpeleke kwa mama." Niliona ni jambo jema. Nilimfunga Nekesa mgongoni nikatembea naye asubuhi nzima mpaka Kocholia, mwili wote jasho. Tata Manjeri alinipokea vizuri sana. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, sauti yake ya chini, asiyetumia maneno mawili pale ambapo moja lilitosha. Alinipa ugali wa mtama na kunde zilizopikwa kwa karanga, akamchukua mtoto, akaniangalia. "Umemleta mwenyewe, kwa mgongo wako," akasema. Nikasema ndiyo, mama. "Vizuri." Nikatoka kwa mlango wa nyuma mtoto akiwa anachezea kijiko, nikalia njiani kama kila mama anavyolia siku hiyo, kilio cha kawaida tu.

Wiki tatu zikapita, neno halikuja. Likaja jingine. Nilikuwa namwaga chai hotelini nikamsikia dereva mmoja akimwambia mwenzake, "Karani wetu wa mashati meupe anafunga ndoa kanisani. Mwalimu wa shule, msichana wa kwao." Yule mwenzake alinikonyeza nikatazama pembeni, birika likiwa bado mkononi. Jioni hiyo Barnaba hakurudi. Kesho yake alituma mtu achukue sanduku lake na viatu. Nilimpa. Mwanamume akitaka kwenda huwezi kumfungia kwa kamba, na kusema kweli, usingizi wangu haukukatika sana kwa ajili yake. Nilichotaka ni mtoto wangu. Nikavaa gauni la Jumapili nikaenda Kocholia.

Tata alinikuta njiani kabla sijafika uani, akasimama katikati ya njia. "Bado hajaacha," akasema. "Jana alilia mpaka kuku wakaamka. Ukionekana sasa utaharibu." Ningefanya nini? Nilikuwa nimelelewa kwa mila ile ile. Niligeuka. Nikarudi tena baada ya muda, akaniambia yale yale. "Bado hajaacha." Mara ya tatu mvua ndefu zilikuwa zimekwisha, mtama umefika kiunoni, na mtoto gani analia ziwa miezi yote hiyo? Siku hiyo nilijifanya naondoka, nikazunguka kwa nyuma ya ua wa mkonge nikachungulia. Nekesa alikuwa amekaa chini, mnene, anang'aa mafuta, anakula kiazi kitamu kwa mikono miwili. Tata akaita kutoka jikoni, "Amoit!" Nikatazama kuona ni nani anaitwa kwa jina hilo la Kiteso. Binti yangu akainua kichwa akaitika.

Niliondoka pale nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena, hata Mungu akinipa miaka mingine hamsini sitaipata. Nilirudi Malaba nikapitia kwa Barnaba ofisini. Akanitoa nje pembeni ili wenzake wasisikie. "Felista, tumia akili," akaniambia. "Mtoto wangu alelewe na matanboi? Alale kwenye moshi? Kwetu kuna ng'ombe, kuna shamba, kuna mama yangu. Na si ulimpeleka mwenyewe? Nani alikulazimisha?" Nikamuuliza nitamwona lini. Akasema, "Akishaacha ziwa." Na akatabasamu kidogo. Lile tabasamu ndilo lililonifungua macho. Walikuwa wamepata mlango usio na funguo. Ningeendelea kwenda na kurudi, na mtoto angeendelea kuwa "bado hajaacha" mpaka siku ya kuolewa kwake.

Wajukuu zangu wananiambia siku hizi kuna korti ya watoto, kwamba hakimu anaandika siku za baba na siku za mama, na mtoto anakabidhiwa mlangoni na nguo zake kwenye begi. Nawaambia ni vizuri. Sisi tulikuwa na naibu wa chifu na wazee wake. Na wazee, kabla hata sijawafikia, nilishajua watasema nini. Wangesema: hakuna ng'ombe aliyetoka, kwa hivyo mtoto ni wa kina mama. Na kina mama maana yake wajomba. Wajomba wako wapi? Wangu walikuwa Bukhayo wamekaza uso pamoja na mama yangu. Mwanamke peke yake hakuwa "kina" mtu yeyote. Ilibidi nitafute kitu kingine cha kusimamia, na nilikipata nikiwa nachuja uji, matiti yananiuma. Ile desturi waliyonifungia nje ilikuwa na maneno yake, na mimi niliyajua maneno hayo sawa na wao. Kama wanasema mtoto hajaacha, basi na mimi sijaacha.

Wanawake wa ploti walikuwa wamenionyesha jinsi ya kufunga kifua kwa kitambaa ili maziwa yakauke. Nikafungua kile kitambaa; maziwa yalikuwa yamepungua, lakini hayajakauka. Chumba cha pili kutoka changu alikaa Maama Kizito, mama kutoka upande wa Uganda aliyekuja kununua chumvi na sabuni, maana kwao siku zile maduka yalikuwa matupu. Alikuwa anavuka na kurudi, na mtoto wake Kizito, mchanga bado, alimsumbua sana na ile safari. Nikamwambia, "Niachie huyu. Nitamnyonyesha." "Unataka nini?" akauliza. Nikamwambia nataka maziwa yasikauke. Akakaa kwenye kizingiti akafikiri, halafu akaniambia, "Munange, rafiki yangu, sasa ninakuelewa," akanipa mtoto. Tangu siku hiyo Kizito alinyonya kwangu mchana na kwa mama yake usiku. Kulikuwa na siku sikupenda kumtazama usoni. Nilikuwa namnyonyesha huku nikitazama pazia, nikijiambia haya ni ya Nekesa, tunayaweka tu. Lakini mtoto akinyonya anakushika kidole, na huwezi kumnyima kidole. Leo Kizito yuko Tororo, ana kitambi na duka la vipuri, na bado akinipigia simu ananiita Maama.

Nikaomba kikao. Naibu wa chifu alikataa mara ya kwanza, akaniambia mambo ya jikoni hayaletwi ofisini. Nikaenda tena. Nikakaa kwenye benchi lake la nje kutoka asubuhi, nikachomoa uzi na sindano zangu nikafuma, siku ya kwanza, siku ya pili, mpaka akachoka kunipita. "Wewe mama ni kichwa ngumu," akasema. Nikamwambia ndiyo, mzee. Akaweka siku.

Ofisi yake ilikuwa chumba cha udongo chenye paa la mabati, meza moja, picha ya serikali ukutani, na benchi mbili ambazo wazee walizijaza. Barnaba alikuja na shati lake jeupe akaegemea dirisha. Tata Manjeri alikaa chini, miguu ameinyoosha mbele, leso imefunika magoti. Mtoto alikuwa ameachwa nje akiwa na msichana wa jirani. Mambo yakaenda kama nilivyojua. "Uliolewa?" Hapana, mzee. "Ng'ombe ilitoka?" Hapana. "Wajomba wako wapi?" Hawakuja. "Mtoto ulipeleka mwenyewe?" Nilipeleka mwenyewe. Naibu akawatazama wazee, wazee wakamtazama naibu, mmoja akapiga mwayo. Naibu akasema, "Basi mama, sasa unalilia nini? Mtoto anakula, anavaa, ako kwa baba yake."

Nikaomba ruhusa niulize swali moja tu. Akaniruhusu. Nikasema, "Mzee, mimi sikumpa mtu mtoto. Nilimpeleka aachishwe ziwa, kama vile mama zenu waliwapeleka nyinyi. Nataka kujua, ameacha au hajaacha? Kama ameacha, kazi imekwisha, mtoto anarudi kwa mama, ndivyo tunavyofanya sisi sote hapa. Na kama hajaacha, basi bado ni mtoto wa ziwa. Mnieleze ni kabila gani humtenga mtoto wa ziwa na ziwa." Yule mzee wa mwayo alifunga mdomo. Barnaba akasema haraka, "Hajaacha, lakini huyu hana maziwa tena. Ni miezi. Yamekauka zamani." Nikasema, "Yapo." Naibu akakohoa. Nikasema tena, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Yapo, mzee. Chagua mama yeyote aangalie." Wanaume wote kwenye zile benchi wakaanza kuchunguza sakafu. Naibu alizungusha kalamu yake, akafikiri, akasema, "Manjeri aende mwenyewe. Asije akasema amedanganywa."

Tukatoka, mimi mbele, Tata nyuma, mpaka nyuma ya ofisi palipokuwa na pipa la maji ya mvua. Nilifungua vifungo vya gauni. Sikuwa na aibu, nilikuwa na hasira, na hasira inafukuza aibu. Nilikamua, maziwa yakaruka yakaangukia ukuta wa udongo yakaacha alama. Tata aliitazama ile alama mpaka ikaanza kunywewa na ukuta. Kisha akauliza, polepole, "Unanyonyesha nani?" Nikamwambia, "Mtoto wa jirani. Ili yasikauke." "Miezi hii yote?" "Miezi hii yote." Tata alinyoosha mkono akanifunga vifungo yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kama unavyomfunga mtoto anayekwenda shule, na mikono yake ilinuka moshi na maziwa ya ng'ombe. Tukarudi ndani.

"Yapo," akawaambia, kabla hajakaa. Halafu akaongeza, "Na mtoto ameacha. Aliacha wiki ile ile aliyoletwa." Barnaba akaacha kuegemea dirisha. "Mama, unasema nini?" Tata akakaa chini, akanyoosha miguu yake. "Nimeulizwa mbele ya watu," akasema. "Wewe ulitaka niseme nini?" Na hapo kesi ilikwisha. Naibu alisema maneno mengine ya kuonekana amesema, kwamba mtoto anarudi kwa mama yake mpaka atakapofika umri wa kwenda shule ndipo wazee watakaa tena, na watu wakasimama wakijipangusa. Wazee hawakukaa tena. Barnaba alipata watoto wengine kwa yule mwalimu, na mimi simsemi vibaya. Alilipa karo ya Nekesa alipoombwa.

Mngedhani nilitembea kurudi Malaba nikiimba. Nekesa hakunijua. Walipomleta alijificha kwenye leso ya Tata, na nilipomchukua alinipiga ngumi usoni. Alilia njia nzima, "Tata, Tata," mpaka sauti ikamwisha akabaki kupumua kwa kwikwi kwenye shingo yangu. Chumbani nilijaribu kumpa ziwa, lile lile nililolilinda kama askari, akalisukuma kwa kiganja akageuza uso, akaonyesha kikombe. Nilicheka na kulia pamoja. Nilimpa uji kwenye kikombe. Usinionee huruma kwa hilo. Yale maziwa yalikuwa yamefanya kazi yake. Lakini asubuhi, na asubuhi iliyofuata, alisimama mlangoni na kile kikombe akitazama barabarani, malori yakimpita, akiita jina lile moja.

Maama Kizito alikuwa anafunga mizigo yake. Alimtazama mtoto, akanitazama. "Itapita," akasema. "Usimpeleke huko hata kidogo. Wala yule nyanya asionekane hapa. Mwezi mmoja, miwili, atasahau kabisa. Si unajua jinsi ya kuachisha?" Alisema kwa upendo, na alikuwa na haki, hivyo ndivyo inavyofanywa. Mama mwenye hoteli naye alisema hivyo. Kila mtu kwenye ploti alisema hivyo. Nilikaa kitandani nikakunja nguo za mtoto. Nilijua kabisa jinsi ya kuachisha. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa ule ua wa mkonge miezi yote ile, na niliapa pale pale kwamba kwangu mimi ua huo hautapandwa.

Jumamosi nilimfunga mgongoni nikaenda Kocholia. Naweza kusema sikuogopa, lakini miguu yangu ingenisuta. Hakukuwa na naibu wala wazee. Ningenyang'anywa mtoto pale uani hakuna ambaye angenisikia. Niliendelea kutembea. Tata alikuwa anaanika wimbi kwenye mkeka. Alitusikia kabla hajatuona, kwa sababu Nekesa alikuwa ameanza kupiga kelele tangu njia panda. Alisimama, mikono imejaa wimbi. Nikafungua leso, mtoto akateleza chini akamkimbilia akakumbatia magoti yake. Tata hakuinama kumshika. Aliniangalia mimi.

"Umemleta mwenyewe," akasema. "Kwa mgongo wako."

"Nimemleta, mama," nikamjibu. "Na jioni ninaondoka naye."

Akatikisa kichwa polepole, kukubali. Ndipo akainama. Siku nzima tulianika wimbi, tukala ugali na zile kunde za karanga, na maneno tuliyosema hayakujaza kikombe. Jua lilipoanza kushuka nilichutama, na mtoto aliyejaa usingizi akawekwa mgongoni mwangu. Mikono iliyomweka haikuwa yangu. Tata alizungusha leso, akaivuta, akakaza fundo kifuani kwangu, akalijaribu kwa kidole kama linashika.

"Jumamosi usichelewe," akasema.